Kuhesabu kaboni katika jina la aldehaidi

Mwanafunzi, Wete: Assalaam alaykum. Aldehaidi, yaani kampaundi yenye kundi la CHO, ya CH3CH(CH3)CH2CHO niliita 2-methilibutanali, kwa kuwa nilianza kuhesabu kaboni upande ulio karibu na tawi (CH3 iliyo kwenye mabano), nikakoseshwa. Kosa liko wapi?

Mwalimu, Chake Chake: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Kaboni ya CHO ndiyo namba 1 daima, hata tawi likiwa karibu na ncha ya pili. Kwa hiyo jina ni 3-methilibutanali. Namba 1 yenyewe haiandikwi, kwani kundi hilo haliwezi kukaa ila mwishoni mwa mnyororo.

Msomaji, Mkunazini: Vunja gome la mdalasini unuse: harufu ile hasa ni ya sinamaldehaidi, yaani 3-fenilipropu-2-enali, ambamo pete ya kaboni sita (fenili) ni tawi tu, kwa sababu CHO haikushikana nayo moja kwa moja.

Mwanafunzi, Wete: Nimefahamu. Ahsanteni sana.