Letisi yangu ya bondeni Kabale imeungua na jalidi (umande ulioganda), nipande lini?

MamaKitalu: Habari zenu wakulima. Mimi mzaliwa wa Mbale, nimeolewa huku Kabale, Uganda, letisi nauzia hoteli za Ziwa Bunyonyi. Aprili niliatika mbegu, Mei nikahamishia miche bondeni, kwenye udongo mweusi uliokuwa kinamasi cha mafunjo. Vichwa vilishafunga, nimebakiza wiki moja nivune. Juzi usiku nyota tele, upepo hakuna. Alfajiri nakuta matuta meupe kama yamemwagiwa chumvi. Jua lilipopiga, majani ya nje yakalegea kama yamechemshwa. Ukiyagusa, ngozi inabanduka na kubaki kidoleni. Matuta sita! Ada za watoto zilikuwa humo. Na jirani yangu aliye mteremkoni, hata hatua mia mbili hazifiki, yake mabichi kabisa. Nibadilishe mwezi au nihame bonde?

MzeeWaMteremko: Pole sana, mwanangu. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kutuama huko chini. Zamani maji ya kinamasi yalitunza joto la mchana. Yakishatolewa, bonde linapoa upesi. Juni hadi Agosti mawingu ni haba, ndiyo miezi ya kuogopa. Hesabu kurudi nyuma: kwa baridi yetu kichwa kinataka siku 60 hadi 70 tangu kuhamisha. Basi atika katikati ya Februari, katikati ya Machi miche iwe shambani, Mei unavuna.

Bukwo_Shamba: Dada, bonde usiliache, udongo huo ni mali. Mche mdogo huvumilia baridi kuliko kichwa kilichokomaa. Mimi Juni napanda letisi ya majani tu, nachuma ikiwa changa. Mchana nalowesha udongo, maana mkavu hautunzi joto. Jioni naweka nyasi kavu juu ya fito, zisilalie majani, asubuhi naziondoa. Na majani yenye barafu usiyashike mpaka iyeyuke yenyewe, ukiyashika yanavunjika.

MamaKitalu: Asante mzee, asante ndugu yangu. Leo nimebandua majani ya nje, vichwa 14 moyo wake ni mzima, mweupe, unakatika kwa mlio. Kesho navipeleka sokoni. Hotelini sithubutu kupeleka vichwa vidogo hivyo. Jirani amenikubalia kona ya kitalu huko juu. Agosti naatika kwake, Septemba mvua ikishika nashusha miche bondeni. Nyasi naanza kukata wiki hii.