Nyumba ya msanifu kwenye nchi kame: Prince Albert, Tankwa au pwani ya Namibia?

Mama Kisanga
Jambo yenu, ba yaya. Mwezi wa saba watoto wakifunga shule tunataka kutoka Lubumbashi: mimi, mume wangu, wadogo zangu wawili na watoto wetu. Bahari ya kuogelea hatutaki, hoteli hatutaki. Tunatafuta nyumba nzima, iliyochorwa na msanifu anayejua kazi yake, nchi kame, mbali na makelele. Ukifungua mlango asubuhi usione ukuta wa jirani.

Nimebaki na tatu. Swartberg House iko Prince Albert, Afrika Kusini, ukingoni mwa mji mdogo chini ya milima ya Swartberg. Aliyeichora ni Jennifer Beningfield wa ofisi ya wasanifu ya Openstudio: nyeupe, ya matofali, na vidirisha vidogo vimetawanywa ukutani kama nyota. Halafu kuna Shipwreck Lodge ya Namibia, kule Skeleton Coast, pwani ya jangwa, vibanda vya mbao ambavyo Nina Maritz alivichora vifanane na mabaki ya meli. Ya mwisho ni vijumba vya hifadhi ya Tankwa, kwenye Karoo, ile nchi kame ya Afrika Kusini. Hivyo havina jina kubwa, ila bei yake ni ya watu kama sisi.

Mngechagua ipi? Picha msinitumie, ninazo za kutosha.

Dereva wa Kasumbalesa
Mama, shaba yetu naipeleka bandari ya Walvis Bay, kwa hiyo Namibia nakusemea ninayoijua. Kwanza, akitokea mtu wa kusema twende na gari letu, mkatalie hapo hapo. Kasumbalesa, Lusaka, Sesheke, Katima Mulilo, halafu ule ukanda mrefu mpaka Rundu, na hapo pwani bado. Foleni ya mpakani peke yake inaweza kula likizo ya watoto.

Pili, watu wanasikia jangwa wanafungasha kaptula. Ile pwani ni baridi! Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi toka kusini, hewa ikipita juu yake inapoa na kugeuka ukungu, mvua hainyeshi. Asubuhi madereva tunavaa makoti mazito, na vioo vya lori vinatiririka maji kama vile imenyesha.

Tatu, ile ni loji. Unapikiwa, unatembezwa, na gari lako linaishia Möwe Bay, kutoka hapo wanakuchukua wao. Kwa wapenzi wawili, safi kabisa. Kwa kundi lako, kila kichwa kina bei yake, piga hesabu.

Papa Katuba
Dola zote hizo kwenda kuangalia mawe? Hifadhi ya Kundelungu iko hapa kwetu, maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300, na viza huombi.

Mama Kisanga
Papa, heshima yako. Lofoi tutaenda, ila nyumba ya kulala familia nzima pale utanionyesha wewe.

Fundi Plani
Yaya, ukikodi nyumba ya namna hiyo, umbo liache kwanza. Uliza inafanya nini na joto. Mwezi wa saba Karoo ni mchana wa jua kali la kupendeza, na jua likizama tu baridi inashuka karibu na sifuri, juu milimani theluji inaweza kuanguka. Nyumba ya mabati na dari nyepesi itawatesa mara mbili kwa siku moja.

Tofali zito linapata joto polepole na kulitoa polepole. Jua la wakati wa baridi linapita chini upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha kubwa likiangalia kaskazini, miale inaingia hadi katikati ya sakafu. Sakafu inakunywa mchana kutwa, usiku inarudisha. Jua la mwezi wa kumi na mbili liko juu, linakatwa na kina cha dirisha na mbao za kufungia. Swartberg House imefikiriwa hivyo, ndiyo maana mimi ningekwenda huko bila kuuliza mara mbili.

Lakini mgeni ana kazi humo. Wakati wa baridi unafungua mbao jua likipanda na kuzifunga kabla halijazama. Wakati wa joto unageuza. Ukisahau, usilaumu msanifu. Hapa kwetu wengi wanaipita teatri aliyoichora msanifu Claude Strebelle kila siku bila kujiuliza kivuli kinaangukia wapi na kwa nini. Nimetoka njiani kidogo, samahani.

Yaya Bel-Air
Tulikodi nyumba nyingine ya msanifu, hapo hapo Prince Albert, sitaitaja. Fundi amesema kweli kuhusu mbao za madirisha. Zile zetu zilikuwa nzito, unazikokota kwa mikono miwili, na chini kuna pini ya chuma ya kusukuma kwa kidole cha mguu. Watoto waligombania kazi hiyo. Ila ukuta mweupe na watoto ni maadui! Mwenye nyumba alitukata pesa ya rangi kwa alama za vidole vya mchuzi, na hakutaka kusikia kwamba nyingine tulizikuta.

Mji wenyewe ndio uliotuokoa. Kandokando ya barabara kuna mifereji ya maji yanayotoka mlimani, na kila bustani ina saa yake ya kufungua maji. Duka liko karibu, unga wa mahindi upo, kwa hiyo bukari haikukosekana. Nyama ya kondoo wa Karoo ina harufu ya majani anayokula. Michopo tuliyochoma pale bado mume wangu anaizungumzia. Kung'uteni viatu asubuhi, kuna nge. Na ulizeni idadi ya vitanda kabla ya kulipa, nyumba hizi mara nyingi ni kubwa kwa macho tu.

Kijana Ruashi
Naitetea Tankwa kwa sababu hakuna mwingine. Ukitaka utupu wenyewe, ni pale. Vijumba vya hifadhi vilivyo mbali kabisa havina umeme, mnapikia gesi. Ila barabara ya R355, toka Ceres hadi Calvinia, ni changarawe kilomita mamia bila mji hata mmoja njiani, na mawe yake yanachana matairi. Chukueni spea mbili, mjaze mafuta kabla, maji pia. Na mwangalie kalenda ya mwezi, usiku wa giza ndio wenye nyota.

Wasiotaka kuteseka walale Sutherland, mji mdogo wa Karoo. Darubini kubwa ya nyota, SALT, iko hapo tangu 2005, kioo chake kimeunganishwa kwa vipande 91, na kuna ziara za wageni.

Mama Kisanga
Basi Namibia naiweka pembeni, itakuwa ya sisi wawili siku nyingine. Tankwa na watoto wadogo na matairi mawili ya spea, hapana. Nimeelekea Prince Albert. Njia ipi?

Yaya Bel-Air
Ndege hadi Johannesburg, nyingine hadi George, halafu gari mpaka Oudtshoorn. Toka hapo piteni Meiringspoort, ni lami. Ile ya juu, Swartberg Pass, Thomas Bain aliijenga kwa mikono ya wafungwa, ikafunguliwa 1888, na mpaka leo ni changarawe na kona za kukata pumzi. Theluji au mvua kubwa ikija wanaifunga. Ipandeni siku ya jua, bila mizigo. Viza ombeni mapema, na kadi ya homa ya manjano kila mtu awe nayo, hata mtoto.

Mama Kisanga
Asante sana. Mume wangu anauliza kama gari la viti saba linapatikana George, na kama ataliweza.

Dereva wa Kasumbalesa
Kule ni kushoto, sawa na Zambia, usukani kulia. Mwambie Jumapili moja avuke mpaka hadi Chililabombwe, upande wa Zambia, na kurudi, akishazoea mizunguko ya barabara mnakodi.

Papa Katuba
Na mniletee nyama ya kondoo.