Nimelipishwa faini za mtu mwingine barabarani, hivi trafiki amekuwa hakimu lini?

Wakuu, nina hasira sijalala.

Jana natoka Moro na kirikuu yangu, hiki kipikapu kidogo cha mizigo, nimepakia matenga 22 ya nyanya napeleka soko la Ilala, gari nimeinunua haijafika hata mwezi, bima ipo, leseni iko hai, mkanda nimefunga, spidi nipo 45 kwenye hamsini. Afande kanipungia mkono nikapaki pembeni. Hajauliza kitu, kaingiza namba ya gari kwenye simu yake kanigeuzia kioo, unadaiwa, lipa ndo uondoke. Faini tatu! Ya juu kabisa imeandikwa mwendokasi, Singida, mwezi wa tatu, mimi Singida sijawahi kukanyaga maisha yangu yote. Nikatoa mkataba wa mauziano, tarehe ipo, muhuri wa wakili upo, hakuusoma hata mstari mmoja, kasema mfumo unaonyesha gari inadaiwa basi, akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo akatia mfukoni.

Saa tatu nzima tumekaa pale. Jua la saa saba mnalijua, matenga ya chini yakaanza kuvuja, maji ya nyanya yanadondoka kwenye lami na nzi wamejaa, mteja wa Ilala anapiga simu anapiga mpaka akaacha kupiga. Mwenye mzigo wa nyanya utabishana mpaka saa ngapi? Nikalipa. 30,000 mara tatu na nyongeza ya kuchelewa juu, laki na ushee imeondoka, ufunguo nikarudishiwa bila hata pole.

Usiku ndo nikakaa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kifungu cha 95. Kumbe ile karatasi tunayoandikiwaga ni taarifa ya kosa tu, ukikubali kosa unalipa yanaisha, hukubali unapelekwa mahakamani huko hakimu asikilize pande zote. Hiari ni ya dereva! Sasa mimi nimekubali lini kosa la Singida? Nani aliniuliza? Na Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza kabisa mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa, na 107A inasema mwenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki ni Mahakama, siyo afande na simu yake chini ya mwarobaini. Faini ambayo mtu hajaikubali na hakimu hajaitolea hukumu kwangu mimi hiyo ni tuhuma, wao wanaiita deni, na wakishaiita deni wanashika gari kama madalali.

Sikatai faini jamani. Mwendokasi unaua, nimeona ajali kwenye barabara hiyohiyo siwezi kusimulia. Ila anayekimbiza gari ni aliyeshika usukani, aandikwe yeye, atafutwe yeye, leseni yake si wanayo kwenye mfumo? Badala yake wanasubiri namba ya gari ipite na mtu yeyote juu yake. Boda na bajaji mwaka 2021 walishushiwa toka 30,000 mpaka 10,000, sisi wa kirikuu ambao faida ya tripu nzima wakati mwingine haifiki hiyo laki tumebaki palepale.

Mnaonunua gari mkononi kwa mtu, kabla hujatoa hela ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia deni, mimi niliangalia injini na bodi tu. Na ukisimamishwa omba uonyeshwe kosa, tarehe na sehemu, piga picha, kama si lako sema kwa sauti mbele ya watu kwamba hukubali na unataka mahakamani.

Aliyeniuzia hapokei simu toka jana. Mwanasheria humu au yeyote aliyewahi kukataa faini ya namna hii akafika kweli mbele ya hakimu, naomba aniambie alianzia wapi, na kama hela ikishalipwa inarudi au ndo imeenda. Risiti zote tatu ninazo.