Kupanga picha elfu 30 za ukoo kwa tagi: digiKam, Lightroom, Google Photos au Windows yenyewe?

Mjukuu_wa_Pangani
Habari zenu wadau. Naombeni ushauri maana nimekwama. Tangu mzee alipofariki mwaka jana mimi ndo nimebaki na picha zote za ukoo, za simu zake mbili, memori kadi kama sita, sidii, na albamu mbili za karatasi nilizoziskani mwenyewe. Jumla zimefika kama 31,000, zimelala kwenye diski ya nje ya 2TB, na folda zenyewe ndo zile za "Mpya", "Mpya2", "simu ya baba". Sasa ndugu ananipigia, nitafutie ile picha ya bibi amekaa kibarazani na bakuli la kaimati, natafuta mpaka usiku wa manane na siioni. Nataka kila picha iwe na tagi za mtu, mahali na tukio, niandike neno tu zije. Laptopu yangu ya kawaida, RAM 8GB, na bando nanunua la kupima. Nichukue ipi?

Fundi_Lenzi
Pole kwa msiba mkuu. Mimi napiga harusi na sendofu, Lightroom Classic natumia mwaka wa saba huu na kwa kasi ya kutagi sijaona mfano wake, unachagua picha mia mbili kwa mpigo unaandika neno moja limeingia zote, kuna na kidude kama kopo la rangi ya kupulizia, unapitisha juu ya picha tagi inashika. Ila mambo mawili. Moja unalipia kila mwezi. Pili, na hili wengi hawalijui, tagi zako kwa kawaida zinakaa kwenye katalogi ya programu, kwenye picha yenyewe hazimo mpaka uchague picha ubonyeze Ctrl+S au uiwashe ile setingi ya kuandika XMP (yaani taarifa za picha) moja kwa moja. Kama kazi ni picha za familia tu sioni sababu ya kulipia.

MamaZai_Kisauni
Kaka mimi natumia Google Photos na nimeridhika. Sura inazikusanya yenyewe, ukishaandika jina la mtu mara moja basi, picha zake zote zinakaa pamoja tangu akiwa mtoto. Unatafuta "beach" au "cake" inakuletea bila ya wewe kuandika chochote. Mimi na watoto wanne na kazi, nitakaa saa ngapi kutagi picha elfu thelathini?

Karani_wa_Kumbukumbu
Dada MamaZai umesema kweli kwa matumizi ya kawaida, hapo sikupingi. Lakini mwenzetu ameachiwa kumbukumbu ya ukoo, hiyo ni kazi nyingine. Google Photos haina sehemu ya tagi, ina albamu na ina maelezo, na yale maelezo unayoyaandika ukija kushusha picha zako kwa Takeout (huduma ya Google ya kushusha vitu vyako) yanatoka pembeni kwenye vifaili vya maandishi vya JSON, kwenye picha huyakuti. Majina ya sura vilevile. Halafu nafasi ya bure ni 15GB, na humo humo imo barua pepe yako na Drive, ile ya kupandisha bila kikomo iliisha Juni 2021. Picha 31,000 na bando la kupima, hapana.

Mjukuu, kabla ya kuuliza programu ipi jiulize tagi itakaa wapi. Mimi nilianza na Picasa, programu ya picha ya Google. Wenyewe waliacha kuiendeleza Machi 2016. Zile picha nilizoziandikia maneno yakaingia ndani ya faili, mpaka leo ninazisoma kwenye programu yoyote. Albamu nilizokuwa nimepanga kwa miaka, zile zilikuwa ndani ya Picasa tu, nilipobadilisha kompyuta ndo kwaheri. Nililia, sioni aibu kusema. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja, chukua picha kumi, zitagi, zikopi kwenye fleshi, nenda kwenye kompyuta nyingine isiyo na hiyo programu, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Properties, halafu Details. Maneno yako yapo? Programu hiyo inafaa. Hayapo? Usiiongezee hata picha moja.

Kwa kipimo hicho digiKam ndo chaguo langu. Ni ya bure, inaenda kwenye Windows, Mac na Linux, tagi unazipanga kwa matawi (Mahali, chini yake Tanga, chini yake Pangani) na sura inazitambua humo humo kwenye kompyuta yako bila kupandisha kitu. Mara ya kwanza ukiifungua inauliza kama iandike taarifa ndani ya mafaili au kwenye database (hifadhi ya programu yenyewe) peke yake, chagua ndani ya mafaili. Kasoro zipo, menyu zake ni nyingi zinatisha, na hiyo ya sura inataka ushushe mafaili makubwa kwanza, kwa hiyo tafuta waifai ya ofisini.

Fundi_Lenzi
Kipimo cha fleshi nakiunga mkono kwa mikono miwili.

Kibaraza_Tech
Usiidharau Windows. Kama ni JPEG, hapo hapo Properties, halafu Details, kuna mstari wa Tags, unaandika, OK, imeingia ndani ya faili. Unaweza kuchagua nyingi kwa pamoja. Kutafuta unaandika tags:idi kwenye kisanduku cha juu. PNG haikubali lakini, na picha elfu thelathini kwa njia hiyo utachoka. Mimi naitumia kurekebisha moja moja tu.

Mswahili_Muscat
Assalaam alaikum. Nyongeza kutoka kwetu huku. Sisi familia nusu iko Unguja nusu Muscat, picha zinatumwa WhatsApp kutwa. Ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa za ndani zinang'olewa, tarehe, tagi, mahali, vyote, inabaki jina tu IMG-nanihii-WA0003. Kwa hiyo ukishatagi usiwagawie ndugu kwa njia hiyo ukadhani umewapa kumbukumbu. Itume kama dokumenti, hapo inafika nzima.

Karani_wa_Kumbukumbu
Ahsante sheikh, hilo nililisahau kabisa.

Jingine Mjukuu, kaa na karatasi kwanza uandike maneno utakayotumia. Usiandike "bibi". Bibi yupi? Wako wawili, na kwa mama yako huyo bibi ni mama yake. Andika bibi-wa-pangani na bibi-wa-korogwe, kila mtu atajua. Chagua "harusi" au "ndoa", moja, usichanganye, leo "msiba" kesho "mazishi" keshokutwa "arobaini" kama si matukio tofauti. Na vitu navyo vitagi. Kwetu nyumba ya zamani ilivunjwa, mlango wa nakshi ukauzwa, miaka baadaye mjomba akataka kuuona ule mlango. Kulikuwa na picha arobaini za watu wamesimama mbele yake na hakuna hata moja iliyoandikwa mlango.

MamaZai_Kisauni
Hapo kwenye mlango umenigusa. Leo usiku nakaa na mama anitajie majina ya waliomo kwenye albamu yake, maana mimi nusu siwajui na yeye ndo aliyebaki.

Mjukuu_wa_Pangani
Nimerudi wadau. Nimeweka digiKam, nikafanya kipimo kwenye kompyuta ya jirani, maneno yote kumi yapo. Nimeanza na zile za karatasi kwa sababu shangazi bado yupo wa kuniambia. Swali moja, zile nilizoskani zote zinasoma 2023, zinajipanga pamoja na za juzi. Nyuma ya ile ya kaimati (nimeipata! ilikuwa kwenye "Mpya2") kuna mwandiko wa kalamu ya bluu, "Idi ndogo 1974". Tarehe naibadilishaje?

Karani_wa_Kumbukumbu
Idi ndogo mwaka huo iliangukia katikati ya Oktoba, kwa hiyo hata mwezi unao. Kwenye digiKam yenyewe kuna sehemu ya kubadili tarehe, au kama huogopi kuandika amri tumia ExifTool, programu ya bure ya kubadili taarifa za ndani ya picha:

exiftool "-DateTimeOriginal=1974:10:17 12:00:00" picha.jpg

Siku yenyewe ni ya kukadiria, kwa hiyo ongeza tagi tarehe-ya-kukadiria. ExifTool inakuachia na nakala ya zamani yenye _original mwishoni, usiifute mpaka uhakikishe. Na uskani upande wa nyuma pia, ule mwandiko ni wa nani?

Mjukuu_wa_Pangani
Nimemuuliza shangazi. Wa babu. Nimeskani, nimeitagi mwandiko-wa-babu, na sasa nageuza zote za ile albamu moja moja nione nyuma kuna nini.