Prado ya 1KZ-TE ya 1997: nikague nini kabla ya kuivusha Pemba?

Mtondoo_Konde

Assalaam alaikum wanajamvi. Nnataka kununua Prado KZJ95 ya mwaka 1997, injini 1KZ-TE, gia otomatiki, ipo Mwanakwerekwe. Ikishavuka kazi yake ni Konde hadi Chake, na msimu wa karafuu itabeba magunia. Muuzaji anasema hedi (kile kipande cha juu cha injini chenye valvu) ilifunguliwa mwaka jana ikatengenezwa, na themostati (kile kifungulio cha maji ya kwenda kwenye rejeta) imetolewa ili isichemshe. Inawaka mara moja na sindano ya joto inakaa katikati. Injini hii ni ya kutegemea au ni kuipiga chini? Sifa zake zipi, na nikague nini kabla sijatoa pesa? Nitashukuru kwa maelezo ya kina.

Spana12_Amani

Waalaikum salaam ndugu yangu. Nianze na sifa. 1KZ-TE ilianza kutoka mwaka 1993. Silinda 4, ujazo cc 2,982, pistoni milimita 96 na mwendo wake milimita 103. Valvu 8, kemshafti moja juu, kompresheni 21.2 kwa 1. Dizeli inawakia kwanza kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, ndipo moto ushuke kwenye pistoni. Zile za mwanzo zisizo na intakula (kipooza hewa ya tabo) zina nguvu za farasi 130 hivi na torki Nm 289. Zenye intakula zinafika farasi 140 hadi 145 na Nm 343, na torki yote hiyo unaipata injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 tu. Ndiyo maana inapanda mlima na mzigo bila kupigwa resi.

Bloku ni chuma cha kalibu, ngumu sana. Krenki, pistoni na ringi zinakaa miaka mingi ukibadilisha oili kila kilomita 5,000. Inakula lita 7 hivi pamoja na filta. Weka 15W-40 ya dizeli, kisha usome kijiti. Ulaji wa mafuta ni kilomita 8 hadi 10 kwa lita.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: hedi. Hiyo ni alumini imelazwa juu ya chuma, na ile chemba ya moto imo ndani yake. Ikipata joto kupita kiasi hata mara moja, inapasuka kati ya valvu na valvu au pembeni ya chemba. Kwa hiyo usiulize gari hii ina nguvu gani. Uliza imepoozwa vipi miaka yote hii.

Fundi_Wete

Naongezea kwa Spana, maana hapo kwenye "imetengenezwa" ndipo pesa za watu zinapopotea. Hedi ya 1KZ iliyopasuka ikichomelewa na kuskimiwa (kusawazishwa uso wake kwa mashine) huwa haidumu. Ukiiskimu sana, kina cha valvu kinabadilika na vile vikombe vya chemba vinachomoza. Tena gasketi yake ina unene wa aina tatu, na huchagui kwa macho: unapima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku, ndipo unajua uweke ipi. Muulize muuzaji maswali matatu tu. Hedi ni mpya au ni ile ile? Pistoni zilipimwa? Bolti za hedi zilikuwa mpya? Akikuonesha risiti ya hedi mpya tupu, mfano AMC ya Hispania, hiyo ni gari ya kuzungumza bei. Akisema "fundi aliziba", ihesabu kama gari isiyo na hedi na upunguze bei yote ya hedi, gasketi, bolti na mkanda.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi, na umwambie mapema asiiwashe. Shika mpira wa juu wa rejeta injini ikiwa baridi. Uwe laini. Ukiwa mgumu, umetunishwa, basi gesi ya silinda imelala humo usiku kucha. Fungua kofia ya rejeta na utazame maji: yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupoozea injini), si kahawia, na pasiwe na utando wa mafuta. Kofia yenyewe iwe imeandikwa 0.9, yaani shinikizo lake, na mpira wake wa ndani usiwe umekatika.

Jaza maji hadi mdomoni, kofia ikiwa wazi, mtu awashe. Mwanzoni hewa kidogo itatoka, hiyo ni kawaida. Viputo vidogo vikiendelea kupanda bila kukoma, na vikizidi akikanyaga mafuta, hedi au gasketi imekwenda. Kwa uhakika zaidi tumia ile dawa ya buluu ya kupimia gesi ya moshi kwenye maji. Ikigeuka kijani au manjano, funga boneti uondoke.

Kijani_Chwaka

Mbona mnamtisha? Hapa kwetu joto la mwaka mzima, themostati ya nini? Gari nyingi zinakwenda bila hiyo. Na kama sindano ipo kati, injini ipo salama.

Spana12_Amani

Kaka Kijani, yote mawili yanaua injini hii khasa, niruhusu nieleze.

Themostati yake ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Kwenye tambarare ya Unguja huoni kitu, tena injini inakwenda baridi mno, inakula mafuta na kujaza masizi. Ukiingia kwenye vilima vya Mkoani na mzigo, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na joto linapanda. Themostati ikitolewa "ili isichemshe", maana yake ilikuwa inachemsha na sababu haikutafutwa. Na ikirudishwa, ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Sindano ya Toyota za wakati huo imetengenezwa ikae katikati kwenye upana mkubwa wa joto. Ikianza kuondoka pale, hedi imeshaumia. Kibaya zaidi, maji yakiisha kabisa senza inabaki hewani, na sindano inaweza hata kushuka huku alumini inaungua.

Kijani_Chwaka

Nimekuelewa sheikh. Hilo la njia ya mkato sikulijua.

Dizeli_Chake

Mtondoo, jaribio la barabarani usilifanye kwa kuzunguka Mwanakwerekwe. Unguja haina mlima wa kuipima gari. Jaza watu, washa AC, nenda hadi Makunduchi bila kusimama, urudi. Ukifika usizime, iache ikiunguruma dakika mbili, ambazo hata tabo inazihitaji kila siku ili shafti yake ipoe kwa oili, kisha uzime na utazame feni. Feni ya 1KZ inaendeshwa na klachi ya silikoni. Injini ikiwa ya moto, feni isimame upesi ikizimwa. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kama pangaboi, silikoni imekwisha. Toyota wanauza silikoni yake katika vichupa vya mililita 18. Ile nzito yenye namba 10,000 inafaa kwa mzigo na joto letu.

Rejeta itoe kabisa ukaikague. Chumvi ya bahari inakula zile pezi: unazigusa kwa kidole na zinapukutika kama unga wa kutu, wakati kwa mbele zinaonekana nzima. Rejeta ya namna hiyo haivuki.

Jambo jingine ni pampu ya dizeli. Hii ni ya kuzunguka, inasimamiwa kwa umeme, na ikichakaa ugonjwa wake una saa yake. Asubuhi inawaka mara moja, kama ulivyosema. Izime ikiwa ya moto, subiri dakika kumi na tano, washa tena. Ikizungusha muda mrefu bila kuwaka, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, ipoe, ujaribu tena. Ikiwaka hapo, pampu imelika ndani: dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, inavujia kwenye plunja (pistoni ndogo ya pampu) na shinikizo halijengeki. Pampu si kitu cha bei ndogo, na ukijaribu asubuhi tu hutaijua.

Moshi nao usome. Mweusi kidogo ukikanyaga ghafla si neno. Mweusi mfululizo, angalia mipira ya intakula na nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Buluu, oili inapita kwenye tabo au kwenye sili za valvu. Mweupe wa asubuhi unaoacha harufu ya dizeli ni hita plagi (vipasha joto vya kuwashia) au nozeli. Mweupe wenye harufu tamu usiokatika injini ikishapata moto ni maji ya kulanti, yaani tunarudi kwenye hedi.

Fundi_Wete

Na mkanda wa taimingi, ule unaooanisha valvu na pistoni, usisahaulike. Taa ya T-BELT inawaka kila kilomita 100,000, lakini inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, na kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma. Kama hakuna ushahidi, weka mpya pamoja na beringi yake kabla gari haijaanza kazi. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Mtondoo_Konde

Allah awalipe kheri nyote. Nitamwendea na fundi, na lile jaribio la pampu ya moto nitalifanya mbele yake. Swali la mwisho: nikiinunua nataka kufunga geji nyingine ya joto. Senza yake niifunge kwenye mpira wa maji?

Spana12_Amani

Usiifunge kwenye mpira, utarudia udhaifu ule ule wa senza ya maji. Chukua ya pete, ile inayobanwa chini ya bolti, uifunge kwenye bolti iliyoingia kwenye alumini ya hedi yenyewe, upande wa nyuma karibu na silinda ya nne. Bolti za kushikia hedi usiziguse. Hapo hata maji yakimwagika yote, senza inasoma chuma. Tembea nayo siku kadhaa ikiwa na themostati mpya na kulanti nusu kwa nusu na maji safi, ya kisima hapana. Andika joto lake la kawaida kwenye tambarare na kwenye kilima, kisha weka kengele nyuzi 10 juu ya lile la kilima. Ikilia, ondoa mguu kwenye mafuta, zima AC, washa hita ya ndani kwa nguvu zote na uegeshe. Ukikuta maji yamepungua, usimimine ya baridi mpaka injini ipoe.