Mageuko na imani: ugomvi uko kwenye siku sita au kwenye Adamu?

Kalamu Kavu (mleta mada)
Wakuu, mada za mageuko zikifunguliwa humu huishia "babu yako nyani, wangu hapana". Leo twende taratibu. Ni kipi hasa ndani ya nadharia hii kinachomgusa muumini pabaya? Maana mambo ni mengi na uzito wake haulingani.

Kuna umri wa dunia, miaka bilioni 4.54. Huo hata haukuanza na Darwin. Kabla ya kitabu chake cha 1859 wanajiolojia wa Uingereza walishakubali dunia kongwe, na baadhi yao walikuwa makasisi. Kuna viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, jambo ambalo wafugaji wa njiwa walilijua. Kisha uteuzi asilia: mabadiliko bila mpangaji. Hapo ndipo Charles Hodge, mwanatheolojia wa Princeton, alipogoma mwaka 1874. Kwake tatizo halikuwa viumbe kubadilika, tatizo lilikuwa kukanushwa kwa kusudi. Na mwisho Adamu. Warumi 5:12 inasema dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na mauti kwa dhambi. Ukimwondoa mtu huyo mmoja, Kristo alikuja kutengua nini?

Mimi nasema mzizi ni Adamu, hayo mengine ni matawi. Wanaong'ang'ania dunia ya miaka 6,000 ni kundi dogo lisilojua hata saa ya mawe, yaani upimaji wa umri kwa uozo wa kinururishi, inavyofanya kazi, hao nawaacha.

Siku ya Saba
"Kundi dogo lisilojua." Asante kwa heshima, mkuu.

Saa gani hiyo unayojivunia? Ile iliyompima konokono HAI ikasema ana miaka elfu mbili na ushee? Hiyo imo kwenye jarida lao la Science, 1963, si porojo za kanisani. Au ile iliyopima lava ya Mount St. Helens iliyoganda 1986, mbele ya macho ya watu, ikatoa miaka 350,000? Saa ikikosea jambo ulilolishuhudia, kwa nini niiamini kwa lile ambalo hakuna aliyelishuhudia?

Mfupa Mkongwe
Konokono tena. Ndugu, hiyo makala ya 1963 umeisoma au umesimuliwa? Kichwa chake chenyewe kinasema matokeo hayo si ya kweli, na walioandika ndio walioeleza kwa nini.

Kaboni 14, kaboni yenye kunururisha, huzaliwa juu angani. Mmea huivuta, mnyama huila, akifa huanza kupungua: nusu kila miaka 5,730. Sharti ni kwamba kiumbe awe alichukua kaboni yake hewani, moja kwa moja au kupitia chakula. Konokono wa mtoni hatimizi sharti. Anajenga gamba kwa kaboni iliyoyeyuka majini, na sehemu ya hiyo hutoka kwenye mboji ya zamani na mawe ya chokaa, ambayo kaboni 14 yake imepungua au imekwisha kabisa. Anazaliwa na saa iliyokwisha kusogezwa mbele. Ndiyo maana gamba la maji baridi halipimwi hivihivi, na la baharini hurekebishwa, kwa wastani kama miaka 400, kisha hutazamwa marekebisho ya eneo husika.

Lava ni njia nyingine kabisa: potasiamu kugeuka gesi ya agoni, nusu-maisha (muda wa nusu yake kugeuka) miaka bilioni 1.25. Jiwe la miaka kumi limetengeneza agoni kidogo mno, kwa hiyo masalia yoyote ya agoni ya zamani yanaifunika. Lava ile ilipanda na fuwele zilizoganda chini kabla ya mlipuko, zikiwa na agoni yake ndani. Hilo kosa lina dawa. Kwenye njia ya agoni kwa agoni, sampuli hupashwa moto hatua kwa hatua na umri husomwa kila hatua. Agoni ya kurithi ikiwemo, hatua hazikubaliani. Zikikaa mstari mmoja tambarare, ndipo umri huaminiwa.

Siku ya Saba
Unakubali basi kwamba mnachagua majibu mnayoyataka na kuyapa majina ya kisayansi yale msiyoyataka.

Eleza na hili: mifupa ya dinosaria imepimwa ikakutwa na kaboni 14. Kama ina miaka milioni 66 haipaswi kubaki hata chembe.

Mfupa Mkongwe
Piga hesabu mwenyewe. Nusu-maisha kumi ni miaka 57,300, hapo kimebaki 1/1024 ya kiasi cha mwanzo. Kipimo kinafika ukingoni karibu na miaka 50,000. Sasa chukua kitu kisicho na kaboni 14 hata kidogo, kiingize asilimia 1 tu ya kaboni ya leo: bakteria, maji ya ardhini, gundi ya makumbusho. Mashine itasoma kama miaka 37,000. Si kwamba imeharibika. Imepima uchafu, na imeupima sawasawa.

Ndiyo maana ya kuosha. Kwanza asidi kutoa kabonati, halafu haidroksidi ya sodiamu kutoa asidi za mboji, halafu asidi tena, kwa sababu ile haidroksidi nayo hunyonya kaboni dioksidi ya hewani. Kisha sampuli huchomwa, gesi hugeuzwa grafiti, hupimwa kama miligramu moja. Madini ya mfupa wa kisukuku hubadilishana kaboni na maji ya ardhini kwa muda wote uliozikwa, na kuosha huko hakuwezi kuyarudisha yalivyokuwa.

Ukitaka umri mkubwa nenda kwenye zirkoni. Fuwele hiyo ikijijenga hupokea urani na hukataa risasi, ile metali ambayo urani hugeuka kuwa. Risasi utakayoikuta baadaye imezaliwa humo humo. Na saa ni mbili ndani ya punje moja: urani 238, nusu-maisha miaka bilioni 4.47, na urani 235, miaka milioni 704. Risasi ikivuja, saa mbili hugombana na utaona.

Talibu
Ukurasa mzima wa konokono. Wallahi mada nzuri imeliwa na gamba.

Siku ya Saba
Saa mbili zikikimbizwa pamoja zitakubaliana pia, ndugu Mfupa. Umejenga juu ya dhana kwamba kasi ya saa hizo haikubadilika kamwe. Wakati wa Gharika je?

Mfupa Mkongwe
Hoja hiyo imefanyiwa kazi, tena na watu wa upande wako. Mradi wa RATE, ripoti yao ya mwisho ilitoka 2005. Walikubali kwamba mawe yana dalili za uozo wa kinururishi wa zaidi ya miaka milioni 500 kwa kasi ya leo. Wakasema basi kasi iliongezeka. Kisha wakakumbana na joto: nguvu yote hiyo ikitolewa ndani ya muda mfupi inayeyusha ukoko wa dunia na kuichemsha bahari pamoja na safina. Waliandika wenyewe kwamba tatizo la joto halijatatuliwa.

Katekista wa Zamu
Mngekuwa Wakatoliki mngepumzika. Waraka wa Papa Pio wa Kumi na Mbili, *Humani Generis*, mwaka 1950: wataalamu wanaruhusiwa kujadili kama mwili wa mwanadamu ulitokana na kiumbe kilichotangulia, roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo wa Pili akaongeza mwaka 1996 kwamba nadharia hii imekuwa zaidi ya dhana. Augustino aliona karne ya tano kwamba siku sita si lazima ziwe za saa 24. Haya mateso ya siku sita ni ya wale wa "Biblia peke yake".

Jiwe la Pembeni
Haya, Roma imeingia na kiti chake.

Augustino huyo huyo, *Mji wa Mungu*, kitabu cha 12, anawakemea wanaodai historia ya maelfu mengi ya miaka, na anasema kwa Maandiko haijatimia hata 6,000. Mbona hapo hamumnukuu? Na kanisa lililomhukumu Galileo 1633 lisitufundishe namna ya kusoma nyota wala mifupa.

Pia si Waprotestanti wote wa miaka 6,000. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, Mpresbiteri, ndiye aliyemtetea Darwin Marekani. Francis Collins aliyeongoza mradi wa jinomu ya binadamu ni Mkristo wa kiinjili. Jifunze kwanza, kisha uje na zamu yako.

Katekista wa Zamu
Galileo! Nilikuwa nahesabu dakika. Kitabu cha Darwin hakikuwahi kuwekwa kwenye orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa. Waliomshtaki mwalimu kwa kufundisha mageuko ni watu gani? Dayton, Tennessee, 1925, John Scopes, faini dola 100. Hawakuwa makardinali wale.

Jiwe la Pembeni
Faini ambayo mahakama ya juu ya jimbo iliifuta 1927 kwa sababu jaji ndiye aliyeipanga badala ya wazee wa baraza, na jaji hakuruhusiwa kupita dola 50. Malizia habari ukianza. Halafu umelificha la maana: waraka wako wa 1950 unakataa wazo la wazazi wa kwanza wengi. Unasema haionekani namna ya kulipatanisha na dhambi ya asili. Kwa hiyo kwenye Adamu tuko chombo kimoja, Katekista. Ondoa tabasamu.

Talibu
Hapo sasa mmerudi kwa mleta mada bila kujua.

Kwetu Waislamu umri wa dunia haukuwa kidonda. Qurani 22:47 inataja siku moja kwa Mola kama miaka elfu, 70:4 inataja siku ya miaka elfu hamsini. Enzi za dinosaria hazimkoseshi mtu usingizi. Mauti pia si hoja kwetu, kwa sababu hatuna dhambi ya kurithi: Adam alitubu, akasamehewa, basi. Kilichobaki ni kimoja: 3:59, mfano wa Isa ni kama mfano wa Adam, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "Kuwa". Isa hana baba. Adam wengi wanamwelewa kuwa hana baba wala mama. Wapo wanaokubali mageuko ya wanyama na mimea yote, wakasimama mlangoni kwa Adam tu. Kwa hiyo Uturuki ilipoondoa mageuko kwenye mtaala wa sekondari mwaka 2017, usidhani ugomvi ulikuwa wa kaboni.

Kromosomu ya Pili
Kusimama mlangoni kwa Adam ni mahali pagumu kuliko mnavyofikiri, kwa sababu ushahidi mzito kuliko wote uko kwa binadamu.

Sokwe, gorila na orangutani wana jozi 24 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Sisi 23. Kama tuna ukoo mmoja, jozi moja imekwenda wapi? Kromosomu yetu ya pili ni mbili zilizoungana. Ncha za kromosomu huwa na herufi TTAGGG zikijirudia. Kwetu zimo katikati, zikiangaliana kichwa kwa kichwa. Ilichapishwa 1991. Kuna na masalia ya sentromea ya pili, yaani sehemu ambayo kromosomu hushikiwa seli inapogawanyika.

Siku ya Saba
Zimeungana ndani ya ukoo wa Adamu. Inathibitisha nini kuhusu sokwe?

Kromosomu ya Pili
Swali zuri, na muungano peke yake hauthibitishi. Kinachobana ni mpangilio wa jeni kulia na kushoto kwa kiungo: unafuatana na kromosomu mbili za sokwe, jeni kwa jeni. Ongeza jeni ya kutengenezea vitamini C. Sisi na nyani wakubwa tunayo, imevunjika, na tunashiriki hitilafu zilezile. Simbilisi naye yake imevunjika, ila kwa namna yake. Kama kuvunjika kungekuwa mpango tu wa lishe, kwa nini tufanane na sokwe hata kwenye kosa?

Siku ya Saba
Nyote mnanizungukia na hakuna anayegusa linaloniuma. Kutoka 20:11: ishike Sabato, KWA MAANA kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi. Amri imeegemea juma halisi. Ukifanya siku kuwa mamilioni ya miaka, mimi napumzika kukumbuka nini? Ndiyo maana kanisa letu la Waadventista mwaka 2015 liliandika wazi: siku sita halisi, na si zamani sana. Hatukufanya hivyo kwa kutojua urani.

Kalamu Kavu (mleta mada)
Hili la Sabato halikuwa kwenye orodha yangu, na ni zito.

Ila nirudi kwa Adamu, Kromosomu hajamaliza. Watu wawili tu, inawezekana kijeni au haiwezekani?

Kromosomu ya Pili
Wawili peke yao, ndani ya miaka laki mbili iliyopita: hapana. Watu wawili hubeba nakala nne tu za kila jeni. Jeni za kinga za HLA zina aina mamia kwa mamia leo, na nyingine ni kongwe kuliko binadamu mwenyewe, tunashiriki na sokwe. Kundi la wazazi wetu lilikuwa maelfu.

Lakini ukoo si sawa na jeni. Vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu, na baadhi yao hawakukuachia hata kipande cha DNA. Hesabu zilizochapishwa kwenye Nature mwaka 2004 zilionyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuwa babu wa kila aliye hai leo akiwa ameishi miaka elfu chache tu iliyopita. Kwa hiyo Adamu wa udongo, asiye na wazazi, ambaye wanawe walioana na watu waliokuwa nje ya bustani, hapingwi na maabara yoyote. Haachi alama ya kupimwa.

Talibu
Hiyo naweza kuiangalia. Qurani haisemi kwamba hapakuwa na wengine.

Katekista wa Zamu
Hao wa nje ya bustani walikuwa na roho au hawakuwa nayo? Kama walikuwa nayo, waraka wa 1950 unakwama. Kama hawakuwa nayo, wana wa Adamu walioana na nini?

Jiwe la Pembeni
Kaini anasema kwenye Mwanzo 4:14 kwamba yeyote atakayemwona atamuua. Aliogopa wanyama?

Siku ya Saba
Aliogopa ndugu zake. Mwanzo 5:4, Adamu alizaa wana, waume na wake. Na hao wa nje walikuwa wakifa kabla ya Adamu kula tunda, au nasoma vibaya? Basi Warumi 5 bado haijajibiwa, Kromosomu. Umeokoa ukoo, mauti umeyaacha palepale.

Kromosomu ya Pili
Mauti hayamo kwenye DNA, ndugu. Hilo mwulize Katekista.

Katekista wa Zamu
Mimi nimeuliza kwanza.