Wana Chumbageni: Khadija yuko Puerto Vallarta, ale wapi?

*Jumamosi, 20:06*

Khadija: Asalaam alaykum wana Chumbageni. Tumefika salama Mexico jana usiku, mji wa Puerto Vallarta. Huku sasa hivi ni saa tano asubuhi, jua kali utadhani Tanga.

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Alhamdulillah. Mtoto hajachafukwa na tumbo kwenye ndege?

Khadija: Shikamoo mama. Hajambo, alilala njia nzima. Sasa jamani nisaidieni, tule wapi? Hoteli ina bafe lakini leo asubuhi nimekuta soseji za nguruwe na mayai kwenye sinia moja, koleo moja. Nimekula nanasi na mkate mkavu.

Shemeji Idrisa: Bafe imeshalipiwa. Chakula, vinywaji, kila kitu kimo ndani. Na nanasi ni chakula.

Swaleh: 😂😂😂 shemeji

Mama Mdogo Nuru: Idrisa baba, umempandisha mtoto wa watu ndege kutoka Toronto akale nanasi?

Shemeji Idrisa: Shikamoo mama mdogo. Nasema tu tusilipe mara mbili.

Mjomba Athumani: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:41)

Swaleh: Mjomba shikamoo. Niko kwenye daladala sina spika za masikioni, tafadhali andika

Mjomba Athumani: Marahaba. Vijana wa siku hizi wavivu hata wa kusikiliza. Haya naandika. Huo mji naujua. Meli yetu ilikuwa ikitoka Los Angeles inapita Cabo San Lucas, Mazatlán, halafu Puerto Vallarta. Abiria wakishuka na sisi wa jikoni tukipewa saa chache za nchi kavu. Na mimi niliyeshinda nakatakata nyama ya kuwalisha abiria chini ya sitaha nilikuwa sitaki kingine, nataka samaki.

Khadija: Mjomba wangu! Kumbe mtaalamu tunaye ndani ya nyumba

Mjomba Athumani: Sasa nisikilize. Jambo la kwanza, mji ule vya baharini huliwa MCHANA. Wao huita mariscos. Kamba, pweza, chaza, samaki. Hizo marisquería, migahawa yake, nyingi hufunga jioni mapema. Ukisubiri mpaka saa mbili usiku ndipo utoke, utakuta viti vimepinduliwa juu ya meza, na waliobaki wazi ni mikahawa ya watalii na wauza taco, zile chapati zao za kukunja, za nyama. Kwa hiyo mkitaka samaki wa maana ondokeni hapo sasa hivi.

Mama Mdogo Nuru: Na hizo nyama za taco vipi, si wachome kuku?

Mjomba Athumani: Hapo ndipo penye mtego Nuru. Jioni utaona mlingoti wa nyama unazunguka mbele ya moto, muuzaji ana kisu kirefu, juu kachomeka kipande cha nanasi. Utasema ah, shawarma. Na kweli ufundi ule waliuleta wahamiaji wa Kilebanoni. Lakini Wamexico wakaupeleka wanakojua wao, wakaweka nguruwe. Hiyo ndiyo al pastor. Pale Pancho's Takos, mtaa wa Basilio Badillo, foleni ya al pastor jioni inafika barabarani. Nyie piteni, nuseni harufu, endeleeni na safari.

Swaleh: nanasi tena 😂 shemeji hilo nalo umelilipia?

Shemeji Idrisa: Swaleh nitakutoa kwenye orodha ya zawadi.

Mama: Athumani, na mafuta je? Samaki anaweza kuwa halali halafu wakamkaanga kwenye mafuta ya huyo mnyama.

Mjomba Athumani: Dada umeuliza swali la maana. Manteca ni mafuta ya nguruwe. Yanapenda kujificha kwenye maharage yale ya kupondwa, na mara nyingi kwenye chapati zao za ngano. Chapati za mahindi kwa kawaida ni mahindi, chokaa na maji basi. Kwa hiyo Khadija, kabla hujakaa muulize: "¿Lleva manteca?" Akitikisa kichwa kukataa, kaa. Akianza kujiumauma, nenda banda la pili, yako mengi. Na samaki wa kukaanga uliza hayo mafuta yamekaangiwa nini kabla yake.

Khadija: Nimeandika. Lleva manteca.

Mjomba Athumani: Na dawa kubwa kuliko zote ni kula cha kuchoma. Agiza pescado zarandeado. Hicho chakula asili yake Nayarit, jimbo la jirani, ukivuka mto Ameca tu umeingia. Wanachukua pargo, jamii ya changu, mzima na kichwa chake. Wanampasua kama ng'onda, wanampaka rojo la pilipili nyekundu zilizokaushwa, vitunguu saumu na ndimu, wanambana katikati ya nyavu mbili za chuma, motoni. Hawana haraka. Ngozi inashika rangi ya kutu, pembeni inaungua kidogo, ukimgusa kwa uma nyama inaachia mfupa yenyewe. Zamani kuni zake ni mikoko hasa.

Mama Mdogo Nuru: Mikoko? Huku ukikutwa na panga mikokoni unalala ndani

Mjomba Athumani: Huko nako sheria imeilinda tangu 2007. Siku hizi wengi ni mkaa wa kawaida na kuni nyingine. Utamu umepungua kidogo lakini kamba watazaliana wapi mikoko ikiisha?

Swaleh: Mjomba nina njaa na hapa Ubungo kuna mihogo tu

*20:31*

Shemeji Idrisa: Mjomba, naheshimu sana. Lakini huyo samaki bei gani? Samaki mzima wa familia ya watu watatu.

Mjomba Athumani: Mara nyingi wanauza kwa kilo. Mwambie akuletee samaki umwone, ampime mbele yako, akwambie bei KABLA hajawekwa motoni. Usione haya. Mwenye haya hula mfupa.

Mjomba Athumani: Na mashine ya kadi ikikuuliza dola au peso, bonyeza peso. Ukibonyeza dola wanakubadilishia kwa kiwango chao. Bakshishi wanaiita propina, asilimia 10 mpaka 15, lakini tazama kwanza kama hawajaichomeka kwenye hesabu.

Shemeji Idrisa: Hapo sasa tunazungumza lugha moja.

Mama: Mimi nataka kujua habari ya mtoto. Nasikia huko wanakula samaki mbichi.

Mjomba Athumani: Ceviche dada. Pale Vallarta wanamsaga samaki laini kabisa, wanamlaza kwenye ndimu mpaka awe mweupe, karoti iliyokunwa, kitunguu, kotimiri, juu ya chapati kavu ya mahindi, wanaita tostada. Na ndugu yake aguachile, kamba mbichi kwenye ndimu na pilipili za kijani, hiyo ya jimbo la Sinaloa. Ukitafuna unasikia masikio yanapiga filimbi.

Mama: Athumani!!! Mbichi, kwa mtoto wa miaka minne?

Mjomba Athumani: Sijasema ampe mtoto. Ndimu inageuza rangi, haiui vijidudu vyote kama moto. Khadija na mumewe ni watu wazima, waonje mahali penye wateja wengi, barafu nyingi na samaki aliyeletwa leo. Mtoto mpeleke Marisma Fish Taco, mtaa wa Naranjo. Samaki au kamba kwenye unga, anakaangwa unamwona, kabichi juu, pilipili unajiwekea mwenyewe. Ila lile swali la mafuta uliza.

Mama: Na maji?

Mjomba Athumani: Ya chupa. Barafu kwenye migahawa kwa kawaida ni ya kiwandani, utaijua ina tundu katikati. Zilizopondwapondwa njiani kwenye ndoo mwachie mwenyewe.

Khadija: Sasa mjomba, tuko kwenye hoteli za kaskazini, karibu na bandari ya meli. Tunafikaje huko mjini?

Mjomba Athumani: Panda basi lililoandikwa Centro kwenye kioo, lipa kwa sarafu. Mtapita Malecón, ile njia ya miguu ya ufukweni. Pale watawadaka vijana wenye menyu mkononi, "amigo amigo". Usikae na anayekuvuta mkono. Endeleeni mpaka mvuke mto Cuale, ng'ambo ndiyo Zona Romántica. Nendeni vichochoro vya nyuma, mitaa miwili mitatu kutoka baharini. Mkiona meza za plastiki, madereva teksi na kina mama wa Kimexico na watoto wao, hapo hapo.

Shemeji Idrisa: Haya. Tunakwenda. Lakini chakula cha jioni ni hotelini.

Mama Mdogo Nuru: Alhamdulillah mtoto kaokolewa na nanasi

*Jumapili, 00:34*

Khadija: 📷 Picha

Khadija: Jamani tazameni huyu pargo. Kilo moja na nusu. Nimeuliza manteca, mama wa jikoni akaniita ndani akanionyesha chupa ya mafuta ya mimea, kisha akanipa kiti cha karibu na feni.

Swaleh: Mimi bado macho. Mbona kichwa hakipo?

Khadija: Muulize shemeji yako.

Shemeji Idrisa: Kichwa ndicho chenye nyama tamu. Hiyo inajulikana.

Khadija: Mtu aliyesema halipi mara mbili kaagiza tostada ya ceviche, kaongeza, kaongeza tena. Sasa anapangusa machozi ya pilipili kwa leso ya mtoto.

Shemeji Idrisa: Ni jua.

Khadija: Na vinywaji mjomba hukunitajia! Wana mitungi ya vioo mikubwa, aguas frescas. Kuna ya ukwaju kabisa, kuna ya mchele yenye mdalasini, na ile nyekundu wanaita jamaica si ndiyo rozela yetu? Mtoto kanywa mbili.

Mjomba Athumani: Ndiyo rozela. Nimeamka kwa ajili ya tahajudi nikaona simu inawaka. Kichwa mmempa nani?

Khadija: Shikamoo mjomba. Tumemaliza, sasa tunatembea Malecón. Kuna mzee kabeba buyu kubwa begani, anawamiminia watu kinywaji cheupe cha waridi kidogo, anatia vipande vya tofaa na karanga juu. Anasema tuba, ya mnazi. Ninunue?

Mjomba Athumani: Hilo ni tembo mwanangu.

Mama: TEMBO??? Khadija rudi hotelini

Swaleh: Mama hujalala 😂

Mama: Nitalalaje, mjukuu wangu yuko kilabuni

Mjomba Athumani: Dada tulia. Ni maji ya mnazi wa kugema, vilevile anavyogema mgema wa Pangani. Ufundi ule waliuleta Wafilipino. Jahazi kubwa za Wahispania zilikuwa zikivuka kutoka Manila mpaka Acapulco, tangu 1565 mpaka 1815, na mabaharia wa Kifilipino wakawa wanashuka na kubaki. Wakapanda minazi pwani ile yote, wakagema. Wamexico wakajifunza kwao. Ndiyo maana Colima na Vallarta mpaka leo utamkuta mtu na buyu lake.

Mama Mdogo Nuru: Mimi nilijua mgema anatokea Tanga tu

Mjomba Athumani: Kwa upande wetu sisi: la asubuhi, likiwa limetoka kileleni, ni tamu tu kama sharubati. Lakini jua likilipiga linaanza kuchachuka lenyewe, halisubiri mtu. Na wewe Khadija sasa huko ni saa tisa na nusu alasiri, buyu limezungushwa juani tangu asubuhi. Acha. Mpige picha mzee kama atakubali, mpe sarafu, nenda.

Swaleh: Mwambieni asimsifie, atalitia maji

Khadija: Haya nimeacha. Nimenunua embe. Wameliwekea chumvi, ndimu na pilipili ya unga, nikajiona nje ya geti la shule.

Mama: Hilo sawa. Ulioshe.

Khadija: Lishamenywa mama

*09:15*

Mama Mdogo Nuru: Asubuhi njema wote. Nakumbusha mchango wa harusi ya Zubeda, mwisho Ijumaa. Swaleh nakuona umesoma.

Swaleh: Shikamoo mama mdogo, mtandao unasumbua huku

Mama Mdogo Nuru: Usiku wa manane mbona haukusumbua

Mama: Khadija mmelalaje huko

Khadija: Bado hatujalala mama, huku ni saa sita na robo ya usiku. Shemeji wenu aligoma kula bafe ya jioni. Tulikwenda La Palapa, ile ya ufukwe wa Los Muertos, mjomba unaijua?

Mjomba Athumani: Naijua kwa nje. Ipo pale tangu 1959, meza mchangani. Baharia wa jikoni haingii, mshahara wa wiki unabaki mezani.

Khadija: Tulikula samaki na wali, mawimbi yanakuja mpaka karibu na miguu. Pazuri mno. Lakini tumbo langu linamkumbuka yule mama wa mchana na feni lake.

Shemeji Idrisa: Pale mezani tulikaa saa nzima tukisubiri hesabu, nikadhani wametusahau.

Mjomba Athumani: Hawaleti mpaka uombe. Kwao kukuletea karatasi hujaomba ni kama kukufukuza. Inua mkono useme "la cuenta, por favor".

Shemeji Idrisa: Kumbe. Mtoto alilala kwenye kiti.

Mjomba Athumani: Na mchana mkitaka vitanda vya ufukweni, ulizeni kwanza kama kuna kiwango cha chini cha kuagiza. Ukikaa bila kuuliza utaletewa karatasi ya kukutoa jasho. Bora mnunue mishkaki ya samaki kwa wanaopita nayo mchangani, mkae juu ya kanga.

Shemeji Idrisa: Kesho tunakula bafe. Nimesema.

Mjomba Athumani: Sawa mwenye nyumba. Mimi nilitaka kuwaambia habari ya Yelapa, lakini basi.

Khadija: Yelapa ni nini?

Mjomba Athumani: Kijiji cha kusini, watu wengi huenda kwa boti kutoka Boca de Tomatlán. Ufukweni kuna kina mama wanapita na sinia kichwani wanauza pai kwa kipande. Za nazi, za limau, za jibini.

Shemeji Idrisa: Za nazi?

Mjomba Athumani: Za nazi.

Shemeji Idrisa: Boti inaondoka saa ngapi

Mama: Mtoto avae jaketi la kuelea. Na msikae nyuma penye moshi wa injini.